Umbali wa huduma: namna Rwanda inavyojaribu kumfikia kila mwananchi

Rwanda ni nchi ndogo. Ina eneo la kilomita za mraba 26,338, na gari linalotoka Rusumo, mpakani mwa Tanzania, huweza kufika Rubavu, mpakani mwa Kongo, siku hiyo hiyo. Lakini ramani haionyeshi vilima. Kwa mama mjamzito anayeishi juu ya mlima ambako gari halifiki, kilomita chache zinaweza kuchukua asubuhi nzima, na akishafika kituoni huenda akakumbana na vizuizi vingine: malipo asiyoyamudu, hati asiyokuwa nayo, au maelezo asiyoyaelewa.

Kwa sababu hiyo, swali la usawa wa huduma za umma haliishii katika kuhesabu hospitali na ofisi zilizojengwa. Mwananchi hutenganishwa na huduma kwa umbali wa namna nne: umbali wa njia, wa mfuko, wa hati na wa lugha. Makala hii inaeleza jinsi kila mmoja ulivyoshughulikiwa nchini Rwanda katika robo karne iliyopita, mafanikio yaliyopatikana, na sehemu ambazo bado hazijafikiwa.

Muundo wa utawala

Mageuzi makubwa ya utawala yalianza kutekelezwa Januari 2006. Mikoa 11 na Jiji la Kigali vilipunguzwa vikawa mikoa minne na Jiji la Kigali. Wilaya 106 zikawa 30. Na sekta 1,545 zikawa 416. Chini ya sekta, iitwayo umurenge kwa Kinyarwanda, kuna seli, yaani akagari, na chini ya seli kuna kijiji, yaani umudugudu. Vijiji hivyo vyote ni 14,837.

Lengo lilikuwa kuifanya sekta kuwa mahali pa kutolea huduma badala ya kuwa ofisi ya kupitisha barua tu. Sekta ilipewa watumishi wenye elimu, bajeti na mamlaka ya kusajili, kuthibitisha na kutoa hati. Hata hivyo, uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Sekta zilipopungua idadi, kila moja iliongezeka ukubwa, na baadhi ya wananchi wakajikuta mbali zaidi na ofisi kuliko zamani. Hatua nyingi zilizofuata zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kama juhudi za kurudisha huduma karibu na nyumba, baada ya ofisi zenyewe kuwa chache.

Umbali wa njia

Katika sekta ya afya, huduma zimepangwa kama ngazi. Kwenye daraja la kwanza wapo wahudumu wa afya ya jamii, ambao Wanyarwanda huwaita abajyanama b'ubuzima, yaani washauri wa afya. Huchaguliwa na wanakijiji wenzao na kupewa mafunzo na kituo cha afya. Hutibu watoto walio chini ya umri wa miaka mitano wanaougua malaria, nimonia au kuhara, hufuatilia wajawazito, na kuwapeleka kituoni wale wenye dalili za hatari. Kwa miaka mingi idadi yao ilikuwa takribani 45,000 nchi nzima.

Juu yao kuna zahanati ndogo, kisha vituo vya afya vinavyoendeshwa hasa na wauguzi, kisha hospitali za wilaya ambako kuna madaktari, na hatimaye hospitali za rufaa, zikiwemo za chuo kikuu zilizoko Kigali na Huye.

Damu ya kuongezewa wagonjwa nayo ilikuwa na safari yake. Zamani hospitali ya wilaya iliyohitaji damu kwa mama anayetokwa damu wakati wa kujifungua ililazimika kutuma gari kwenye kituo cha kuhifadhi damu, na kusubiri gari hilo lirudi. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline, kwa mkataba na serikali, ilianza kupeleka damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka wilaya ya Muhanga. Kituo cha pili, kilichoko Kayonza mashariki mwa nchi, kilianza kazi mwaka 2018. Faida haikuwa kasi pekee. Kwa kuwa damu inaweza kuagizwa inapohitajika, hospitali hazilazimiki tena kuweka akiba kubwa ya aina ambazo hazitumiwi mara kwa mara, na kiasi cha damu kinachoharibika kwa kupitwa na muda kimepungua sana.

Matokeo ya jumla yanaonekana katika tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya. Mwaka 2005, watoto 28 kati ya 100 walizaliwa katika kituo cha afya au hospitali. Katika utafiti wa mwaka 2019 na 2020, idadi hiyo ilifika 93. Katika kipindi hicho hicho, vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano vilishuka kutoka 152 hadi 45 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai.

Takwimu hizo zina upande wa pili. Utafiti huo wa 2019 na 2020 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika kaya maskini zaidi, karibu nusu ya watoto walikuwa katika hali hiyo. Katika kaya zenye uwezo zaidi, ni takribani mmoja kati ya kumi. Watoto wa makundi yote mawili huenda walizaliwa katika kituo kimoja na kuchanjwa na muuguzi mmoja. Kilichowatofautisha ni chakula, maji na hali ya nyumbani, mambo ambayo mlango wa kituo cha afya peke yake hauwezi kuyatibu.

Linafaa kukumbukwa pia suala la wahudumu wa afya ya jamii. Wao hawalipwi mshahara wa kila mwezi kama watumishi wa serikali. Hupata malipo kupitia vyama vyao vya ushirika, kulingana na kazi iliyofanyika. Kila huduma mpya inayoshushwa hadi kijijini huongeza mzigo kwa watu ambao nao wana mashamba ya kulima na watoto wa kulea.

Umbali wa mfuko

Mwaka 1996, baada ya kipindi ambacho matibabu yalitolewa bila malipo kwa msaada wa mashirika ya kiutu, vituo vya afya vilianza tena kutoza wagonjwa. Wananchi wakapungua vituoni. Kufikia mwaka 1999, mahudhurio yalikuwa yameshuka hadi wastani wa mara moja kila miaka minne kwa kila mtu. Si kwamba maradhi yalikuwa yamepungua. Watu walibaki nyumbani kwa kukosa fedha.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la bima ya afya ya kijamii, ijulikanayo kwa jina la Kifaransa mutuelle de santé, au mituweli kama wasemavyo wananchi. Majaribio yalianza Julai 1999 katika maeneo matatu: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Mpango ulipoenea, kila mwanachama alitakiwa kutoa faranga 1,000 kwa mwaka, na sheria ya bima hiyo ikapitishwa mwishoni mwa mwaka 2007.

Kiwango kimoja kwa wote kilionekana kuwa cha haki kwa kuwa kilikuwa sawa. Lakini faranga 1,000 za mfanyabiashara wa mjini si faranga 1,000 za mjane anayelima kwa kibarua. Kuanzia Julai 2011, michango ilipangwa kulingana na hali ya kaya: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Kiwango cha chini kililipwa na serikali pamoja na wafadhili kwa niaba ya maskini kabisa. Mgonjwa mwenye bima alichangia faranga 200 anapofika kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama anapotibiwa hospitalini.

Upangaji huo ulitegemea ubudehe, utaratibu ambao wanakijiji hukaa pamoja na kuamua kila kaya iko katika kundi gani la maisha. Asili ya neno hilo ni desturi ya majirani kusaidiana kulima. Mwaka 2008 mpango wa ubudehe ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Hata hivyo, kadiri makundi hayo yalivyozidi kutumiwa kuamua nani alipiwe bima na nani apate ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, ndivyo malalamiko yalivyoongezeka. Familia ziliomba zishushwe daraja. Wengine walidai jirani mwenye ng'ombe ameandikwa maskini, na asiye na kitu ameandikwa anajiweza. Kipimo kilichokusudiwa kuwatambua wahitaji kikageuka kuwa kitu cha kugombaniwa. Serikali hatimaye iliamua kuachana na matumizi hayo ya makundi, na kujenga daftari la kidijitali la hali ya kaya liitwalo Imibereho.

Tangu mwaka 2015 mituweli inasimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi nchini wana bima ya afya, na wengi wao wako katika mpango huu. Michango ya wanachama peke yake haitoshelezi gharama. Ndiyo maana amri ya Waziri Mkuu ya Januari 2020 iliongeza vyanzo vya fedha, kikiwemo asilimia 0.5 ya mshahara unaobaki mkononi mwa kila mwajiriwa. Kwa maneno mengine, karani wa Kigali humchangia mkulima wa Nyamagabe, ingawa hawajawahi kuonana.

Pengo lililobaki liko hospitalini. Asilimia 10 ya gharama ya vipimo vya kawaida ni kitu kidogo. Asilimia 10 ya upasuaji mkubwa na siku nyingi za kulazwa inaweza kuwa thamani ya mbuzi, na wakati mwingine ya shamba. Bima hupunguza umbali wa mfuko, lakini haiuondoi.

Umbali wa hati

Mtu asiye na hati si rahisi kuhudumiwa, hata kama kituo kiko mlangoni pake. Kwa miaka mingi, mzazi alitakiwa kwenda ofisi ya sekta kumsajili mtoto mchanga ndani ya muda uliowekwa. Kwa mama aliyetoka kujifungua na kurudi kijijini, hiyo ilikuwa safari nyingine, na wengi waliiahirisha. Tangu Agosti 2020, vizazi na vifo huweza kusajiliwa hapo hapo katika kituo cha afya au hospitali. Kwa kuwa karibu watoto wote sasa huzaliwa vituoni, mabadiliko haya yaliunganisha safari mbili zikawa moja.

Huduma nyingine nyingi zimehamia kwenye mfumo wa IremboGov, ulioanza kutumika mwaka 2015. Irembo kwa Kinyarwanda ni lango la kuingilia nyumbani. Kupitia mfumo huo mwananchi huomba cheti cha kuzaliwa, pasipoti, mtihani wa leseni ya udereva na hati nyingine, kwa tovuti, au kwa baadhi ya huduma kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *909#. Asiyejua kutumia kompyuta huenda kwa wakala, ambaye humjazia fomu kwa ada.

Ada hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mwenye simu ya kisasa na elimu ya kutosha hujihudumia mwenyewe. Asiye navyo humlipa mtu. Hivyo huduma ile ile huwa ghali zaidi kwa mwenye uwezo mdogo. Aidha, mtu anayemkabidhi mwingine namba yake ya kitambulisho na habari za familia yake hulazimika kumwamini.

Ardhi nayo inatoa funzo. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kusajili zaidi ya viwanja milioni 10, jambo lililofanyika kwa kasi isiyo ya kawaida barani. Mume na mke waliofunga ndoa kisheria waliandikwa wote wawili kwenye hati. Lakini mwanamke anayeishi na mwenzake bila ndoa ya serikali hakuwa na ulinzi huo, hata kama amelima shamba hilo kwa miaka ishirini. Kukosa cheti kimoja, cha ndoa, kulimnyima kingine, cha ardhi. Hati huvutana namna hiyo: anayekosa ya kwanza hujikuta amekosa na zile zinazofuata.

Umbali wa lugha

Rwanda ina neema ambayo mataifa mengi ya Afrika hayana: takribani kila mwananchi huzungumza Kinyarwanda. Muuguzi anayetoka Rusizi anaweza kufanya kazi Nyagatare na kueleweka. Kwa hiyo kizuizi cha lugha huwaangukia wachache, na jambo linalowaangukia wachache ni rahisi kusahauliwa.

Miongoni mwa wachache hao ni wasemaji wa Kiswahili. Wapo wenyeji wa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, na ambao wengi wao wanajua lugha zote mbili. Wapo madereva na wafanyabiashara wa mipakani. Wapo wakimbizi kutoka Burundi na Kongo. Wapo pia Wanyarwanda waliorejea kutoka Tanzania, wakiwemo maelfu waliofukuzwa huko mwaka 2013, baadhi yao wakiwa wamezaliwa na kusomea kwa Kiswahili.

Kisheria, lugha hii imetambuliwa. Sheria ya msingi ya Aprili 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa upande wa wakimbizi, mwaka 2019 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, zilikubaliana kuwa wakimbizi wanaoishi mijini waingizwe katika mituweli. Lakini tovuti ya IremboGov ilijengwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, na fomu na mabango mengi ya vituo vya afya hayana Kiswahili. Kutambuliwa na sheria ni hatua moja. Kusomeka dirishani ni hatua nyingine.

Sisi tunaotafsiri habari tunalijua tatizo hili kwa karibu, kwa sababu Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu, na udugu huo hudanganya. Malipo ya mituweli kwa Kinyarwanda huitwa umusanzu. Tafsiri ya haraka ni mchango. Lakini kwa sikio la Mswahili, mchango ni kitu cha hiari: hutolewa harusini, msibani au msikitini, kila mtu kwa uwezo wake, na asiyetoa hasutwi. Msikilizaji aliyesikia kuwa serikali inahimiza michango anaweza kudhani ameombwa msaada, kumbe ametajiwa malipo ambayo sheria inayataka, na ambayo asipoyatoa hatatibiwa kwa bima. Vivyo hivyo, umuganga kwa Kinyarwanda ni daktari. Mwambie mgeni kutoka pwani aende kumwona mganga, naye anaweza kudhani anaelekezwa kwa mtaalamu wa mitishamba.

Makosa ya aina hii hayaingii katika takwimu. Aliyeelewa vibaya huhesabiwa kuwa ni mtu aliyechelewa kulipa, au aliyepuuza ushauri.

Majirani wamefanya nini

Rwanda haiko peke yake katika jitihada hizi, na njia za majirani zinasaidia kupima yake. Mei 2006 Burundi ilitangaza matibabu bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wanawake wanaojifungua. Kizuizi cha fedha kiliondolewa kwa siku moja, na hospitali zikafurika kabla ya kuongezewa wauguzi na dawa. Kenya, katika katiba yake ya mwaka 2010, iliunda Mfuko wa Usawazishaji unaotengewa asilimia 0.5 ya mapato ya taifa ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate maji, barabara, umeme na vituo vya afya; na tangu mwaka 2013 imefungua vituo vya Huduma, ambako mwananchi hupata hati za idara mbalimbali chini ya paa moja.

Burundi ilianza na mfuko, Kenya ikaanza na maeneo, na Rwanda ikaanza na bima na ngazi za kijiji. Kila nchi iligundua kwamba umbali mmoja ukipunguzwa, unaofuata huonekana wazi zaidi.

Mambo muhimu kwa msikilizaji

Mwaka wa mituweli huanza Julai mosi. Kwa kuwa viwango na taratibu hubadilika, ni vyema kuuliza katika ofisi ya mituweli iliyoko kituo cha afya kabla ya tarehe hiyo.

Mwenye bima hii huanzia kituo cha afya, kisha hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali. Anayekwenda moja kwa moja hospitalini bila rufaa, isipokuwa kwa dharura, anaweza kutakiwa kulipa gharama zote.

Mtoto anayezaliwa kituoni asajiliwe kabla mama hajaondoka. Wazazi waende na vitambulisho vyao.

Anayehudumiwa na wakala aulize ada kabla ya kazi kuanza, na ahifadhi namba ya maombi aliyopewa.

Asiyeelewa maelezo aombe yarudiwe, au aende na mtu anayejua lugha zote mbili. Kuuliza mara ya pili si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa kujua dawa anayopewa, na ni haki ya mwananchi kuelewa karatasi anayotia saini.